Chatu Asiyetapika Noti

Tangu habari zifike Mwanza kwamba nyumbani kwetu hapa Reading, Uingereza, kuna chatu, maombi ya mikopo yameongezeka. Shemeji anatafuta mtaji wa duka la vipuri vya bodaboda. Binamu yangu, ambaye hatujasalimiana tangu msiba wa babu, kaniandikia ujumbe mrefu wa kunitakia heri, afya na maisha marefu, na mwisho kabisa kaweka namba yake ya M-Pesa, eti nisije nikaipoteza. Hakuna hata mmoja anayeuliza chatu kafikaje huku. Wameshaelewa. Wametazama filamu za Kinigeria za kutosha kujua kwamba hakuna mtu anayelaza chatu ndani ya nyumba bure: usiku wa manane anapanua mdomo, noti zinamwagika sakafuni, asubuhi mwenye nyumba anakwenda kununua gari. Sharti lake dogo tu, umtoe mmoja wa familia. Mama mkwe alipopigiwa simu aliuliza kwanza wajukuu wako wangapi. Tukamhesabia. Akaomba asikie sauti zao, mmojammoja.

Basi naomba nitoe taarifa kwa ukoo mzima, pande zote mbili. Chatu wetu hajafika hata mita moja. Tangu aje ametapika mara moja tu, na alichotapika ni panya, tena nusu panya, juu ya zulia la sebuleni, kwa sababu mume wangu alimtoa kumwonyesha fundi wa boila siku ileile aliyokula. Chatu akishakula haguswi kwa saa 48. Akitikiswa, chakula kinarudi kilikotoka. Zulia tumelisugua kwa kila dawa iliyoko dukani na bado siku za mvua linatukumbusha. Fundi naye alitudai fedha za saa nzima, pamoja na dakika alizokaa juu ya kiti.

Chanzo cha yote ni mkataba wa nyumba. Kijana wetu wa mwisho, wa miaka 13, alilia mbwa, akanyimwa, kwa kuwa mkataba unakataza mbwa, paka na ndege. Mimi nikashusha pumzi. Lakini baba yake ni Mpare, na Mpare ukimpa karatasi yenye vifungu umempa sikukuu. Akavaa miwani, akasoma mkataba mbele na nyuma, akaivua miwani na kutangaza: "Nyoka hawajatajwa."

Hapo ndipo sheria ya nchi nayo ikaingia kunikandamiza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inakataza kumuuzia mnyama mtoto aliye chini ya miaka 16. Na mnyama wa mtoto wa umri huo, mbele ya sheria, ni jukumu la mzazi anayemlea. Kwa hiyo kijana ndiye aliyechagua, baba yake akawa anatafuta pa kuegesha gari, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele ya kaunta na kalamu mkononi. Mimi, mzaliwa wa Magu, niliyekua nikikimbia kila chenye uhai kisicho na miguu, leo ndiye mfugaji anayetambulika kisheria. Nyumbani Tanzania chatu ni mnyamapori, humfugi bila kibali cha Serikali, na sijawahi kusikia watu wakipanga foleni ya kukiomba. Uzuri wa nchi yetu unauona ukishatoka.

Tuelewane pia kuhusu aina. Huyu si yule chatu wetu wa porini anayefika mita tano na kumeza mbuzi wa watu. Ni aina ndogo, ambayo kwao ni kuanzia Senegali hadi Uganda, na hata akizeeka ni nadra apite mita moja na nusu. Mwenyewe kaanguliwa hapahapa Uingereza, kwa hiyo habari za viza na alama za vidole hazijui. Ana hulka moja: akitishika hajibu, anajikunja mviringo na kukificha kichwa katikati. Wanaopika chapati za kusukuma wanajua lile donge unalolizungusha kabla ya kulisukuma, ncha ukaichomeka ndani. Basi ndivyo anavyokaa. Kijana akampa jina la Chapati. Tangu hapo siwezi tena kuongea na simu kwenye basi. Nikisema "Chapati kagoma, nitamwongezea joto kidogo," Waswahili waliokaa nyuma yangu wananitazama kwa huruma anayoonewa mwanamke asiyejua kupika.

Na hilo joto ndilo linalonimaliza. Chapati anataka upande mmoja wa kabati lake la kioo uwe na nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili nyuzi 25 au 26 hivi, ili ahame mwenyewe kufuatana na anavyojisikia. Achague! Katika miaka yote niliyoishi nchi hii hakuna aliyewahi kunitengea hali mbili za hewa ndani ya chumba kimoja. Mume wangu anazima taa ya choo na mimi bado nimo ndani. Hita ya nyumba kaiweka nyuzi 17, na anayelalamika anaelekezwa kwenye kabati la masweta. Kuanzia Novemba natazama taarifa ya habari nimevaa kofia ya sufu na soksi mbilimbili, na nyuma ya kochi langu kuna mtu kajilaza kwenye Oktoba ya Tabora, usiku na mchana, umeme hauzimwi.

Bwana huyohuyo alinunua kidhibiti joto bila hata kuuliza bei. Nilipohoji, alinieleza kwa upole kwamba mkeka wa umeme usio na kidhibiti unaweza kumuunguza nyoka tumboni. Mimi niliungua na pasi nikaambiwa nipake dawa ya meno. Kisha vikaja vipimajoto viwili, kimoja kila upande, na kipima unyevu. Kisha ikabainika kwamba mtoto wa chatu akikaa wazi anaingiwa na hofu, kwa hiyo anahitaji mahali pa kujificha, na si pamoja, ni pawili: penye joto na penye ubaridi. Ana nyumba mbili. Sisi tuna moja, ya kupanga.

Chakula chake kinakuja kimegandishwa, panya wadogo kwenye mifuko, wamepangwa kwa saizi: wachanga wasio na manyoya, walioanza kuota manyoya, wanaorukaruka, na watu wazima. Unachagua kwa unene. Panya asizidi sana sehemu nene ya mwili wa nyoka. Wanakaa kwenye friza langu, droo ya chini, pembeni ya sato na mihogo. Siku moja Katibu wa kikoba chetu cha akina mama alifungua droo hiyo akitafuta sambusa. Nikasikia kimya. Nikajua leo kikoba kimevunjika, kesho nitakuwa habari ya kanisa zima. Nilipofika jikoni nikamkuta kaushika mfuko, anausoma. Katibu ni wa Masasi, na kule kwao panya wa porini ni kitoweo cha heshima. "Dada," akaniuliza, "hawa mnawapata wapi?" Nikamtajia bei. Akautazama mfuko tena, akaurudisha taratibu. "Bei hiyo, na hawana hata mafuta."

Kumwandalia mfalme mezani ni kazi ya siku mbili. Panya analala kwenye jokofu usiku kucha ayeyuke polepole, kesho yake unamweka ndani ya maji ya moto mpaka afikie joto la kiumbe hai, nyuzi 38 au 40. Chatu huyu ana vishimo midomoni vinavyohisi joto. Hata gizani anakuona ulivyo kwa joto lako. Panya wa baridi kwake ni samani. Mume wangu alipendekeza tutumie maikrowevu, na hiyo ndiyo siku pekee katika ndoa yetu niliyomnyang'anya kitu mkononi, maana panya ndani ya maikrowevu hupasuka. Mimi nikirudi kutoka zamu ya usiku nakula ugali wa jana nimesimama, baridi yake ileile. Panya napima joto.

Halafu unamshika panya kwa koleo refu, unamchezesha mbele ya kabati aonekane mzima, unanyenyekea. Chapati anatoa ulimi, ananusa hewa, anafikiri. Kisha anageuza uso ukutani. Panya aliyekwishayeyuka harudishwi kwenye barafu. Anakwenda kwenye pipa, na fedha zangu zinamfuata.

Mgomo wa kwanza ulipoingia wiki ya tatu nikampeleka kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama wa aina hii. Daktari wa kawaida, wa mbwa na paka, alikataa hata kufungua kifuniko. Huyu bingwa alimgeuzageuza Chapati, akatuonyesha vijikucha viwili karibu na mkia, mabaki ya miguu ya mababu zake wa kale, kijana akafurahi sana. Kisha akasema chatu wa aina hii ni mashuhuri kwa kususa chakula: wiki, hata miezi, bila ugonjwa wowote. Nimpime uzito kila mara, na kama haupungui nimwache, atakula akitaka. Mizani yenyewe ni ile niliyokuwa napimia unga wa keki. Sasa nimenunua nyingine ya keki.

Jioni nikampigia mama, Magu.

"Shikamoo mama. Yule mnyama hajala wiki ya tatu."

"Marahaba mwanangu. Muache. Njaa itamfundisha."

"Ndivyo daktari alivyosema."

"Kakutoza?"

"Kanitoza, mama."

Simu ikanyamaza kidogo. "Sasa mimi utanitumia lini?"

Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, habari zilipovuja nikapandishwa cheo ghafla kuwa mtaalamu. Kwa kuwa natoka Afrika, wenzangu waliamini nimezaliwa na ujuzi wa nyoka, labda tulikuwa tunafundishwa kati ya hesabu na jiografia. Ubaya ni kwamba hawakukosea sana, walimkosea mtu tu. Sisi Wasukuma kweli tunao Bayeye, chama cha mafundi wa nyoka, wanaojua dawa za sumu na wanaoingia uwanjani na chatu mzima shingoni, mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu yakipamba moto. Ukifika makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, utaambiwa yote. Lakini baba yangu alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na chatu akiingia uwanjani sisi watoto wa karani tulikuwa tumeshapanda juu ya trekta. Jirani yangu hapa kazaliwa katikati ya ng'ombe wa Berkshire na hajawahi kukamua hata mmoja. Sijamuuliza kwa nini.

Aliyenielewa ni mwanachama mmoja wa kikoba chetu, kutoka Kisumu. Yeye hakucheka. Alinikumbusha habari za Omieri, chatu wa Nyakach aliyeungua moto mwaka 1987, akauguzwa huku Kenya nzima ikifuatilia hali yake. Kwao, akasema kwa sauti ya chini, chatu wa namna ile akitokea ni heri, mvua zitanyesha na mavuno yatakuwa mema. Nilimshukuru. Sote wawili tukatazama dirishani. Hapa Reading mvua haihitaji kuombewa na mtu.

Msimu wa kujivua gamba nao una masharti yake. Macho yanapata ukungu wa buluu, anajificha, hana hamu, na akina sisi tunaongeza unyevu kwa chupa ya kupulizia maji, ile niliyoinunua kwa ajili ya kunyooshea vitenge. Hewa ikiwa kavu gamba linatoka vipandevipande na lingine linang'ang'ania machoni. Siku yenyewe ilipofika, nakiri nilivutiwa: akasugua pua kwenye jiwe, likaanza mdomoni, likavuliwa lote, zima, mpaka vifuniko vya macho. CCM walipotangaza kujivua gamba mwaka 2011 tulikaa tukisubiri kuona kitu cha namna hii. Mweka Hazina wa kikoba, mama mlokole asiyekosa mkesha, aliniomba kipande kidogo "cha kumbukumbu". Nikampa. Alikikunja vizuri akakiweka kwenye pochi, upande wa noti. Mkutano uliofuata alikuja na hisa mara mbili ya kawaida yake, nami sikusema neno.

Na mkutano huohuo ndio Chapati alioutumia kutoroka. Mlango wa kabati la kioo ulikuwa umebaki wazi upana wa kidole, na kila mtu ndani ya nyumba hii anajua nani alimwaga maji ya bakuli asubuhi ile, hata kama mwenyewe anadai hoja hiyo haina ushahidi. Kijana alininong'oneza sikioni wakati nagawa chai. Ningefanyaje? Wajumbe walikuwa tisa, viatu vyao vimejaa mlangoni, mikoba iko sakafuni, imefunguka. Ukitamka neno "chatu" mbele ya kundi hilo, robo ya fedha za mfuko inaondoka na wenyewe. Nikaendesha kikao nimekunja miguu juu ya kochi, nikasema kisigino kinaniuma. Tulijadili faini za wachelewaji kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi, kwa sababu kila nilipoona mtu anainama kuchukua mkoba wake nilikuwa naongeza hoja.

Baadaye nilisoma kwamba kule Ouidah, nchini Benin, liko hekalu la chatu wa aina hiihii, linatazamana na kanisa kubwa la Katoliki. Kuna usiku chatu huachiwa wakajitafutie riziki mjini, na akiingia nyumbani kwa mtu anapokewa kama mgeni, kisha anarudishwa hekaluni kwa heshima. Wetu hakupokewa hivyo. Tulimkuta saa nne za usiku kwenye kabati la boila, mahali pekee penye joto la kweli katika nyumba ya Mpare, kajikunja juu ya vitenge vyangu vya wax. Sikumlaumu. Ningekuwa mwembamba kiasi kile ningekuwa nahamia humo kila Desemba.

Mume wangu ananifariji kwamba haya yana mwisho. Nimefanya hesabu, hayana. Chatu hawa wakitunzwa wanaishi miaka 20 hadi 30, na kuna wasiosikia hata hilo. Bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, ilipokea chatu jike wa aina hii mwaka 1961. Mwaka 2020, akiwa na miaka 60 na zaidi, akataga mayai saba, na alikuwa hajakutana na dume kwa miaka mingi. Kijana wetu atakwenda chuo baada ya miaka mitano, kwenye bweni lisilopokea wanyama. Yaani nitastaafu na Chapati. Watoto watakuja kugawana vyombo, nao kila mmoja atasema kwa adabu kwamba mama alimpenda sana, basi abaki na aliyemtunza mama. Wakati huo ndugu wa Mwanza watakuwa bado wanaamini zipo fedha mahali.

Desemba hii tunakwenda nyumbani, na ndipo nilipojua idadi halisi ya rafiki zangu. Kumtunza mgeni wa kula mara moja kwa wiki, asiyelia, asiyetoka nje, asiyegusa rimoti: wote wamekataa. Katibu alikubali kuwatunza panya. Mlokole alisema ataliombea. Kila mmoja ana mtoto mwenye pumu ninayemsikia kwa mara ya kwanza.

Aliyekubali ni mzee mmoja Msukuma wa Coventry, mstaafu, mjukuu wa Myeye wa kweli. Alimchukua Chapati mkononi, na Chapati, huyu anayejikunja hata nikipiga chafya, akajinyoosha mkononi mwake na kuanza kupanda kwenda begani. Nilihisi wivu, nikauzuia. Mzee ana sharti moja: binti yake anaolewa Januari, na angependa aingie naye ukumbini wakati wa ngoma. Tukajadiliana. Nimemweleza kwamba nyoka hana masikio ya nje, anasikia kwa mtetemo unaopanda kwenye taya, kwa hiyo akae mbali na spika. Ukumbi uwe na joto. Asimlishe wiki ya harusi. Ameandika kila kitu kwenye daftari.

Juzi imefika kadi ya mchango. Imechapwa vizuri, Bwana na Bibi, majina yetu, pamoja na familia. Chini yake kamati ya harusi imeongeza mstari kwa kalamu ya bluu: Chapati, ahadi yake peke yake, pauni 50.